Mwalimu wa Kusikiliza

Siku ya soko Tunduma haikuwa na pa kuweka mguu. Malori ya kwenda migodini ng'ambo yalikuwa yamepanga foleni mbele ya kizuizi cha forodha, vijana wameketi juu ya mizigo na mablanketi mabegani. Akina mama walipita katikati yao na mabeseni ya chikanda, ule mkate mwekundu wa mizizi na karanga, wakisalimu kwa Kibemba na kuita, "Mulishani, mukwai! Nunueni, safari ni ndefu!" Ilikuwa Juni ya mwaka 1955. Baridi ilikata masikio, na vumbi jepesi lilielea juani kama unga unaopepetwa.

Ezron alikuwa anageuza lori lake la kahawa alipomwona mwanamke ameketi kwenye kiti katikati ya njia.

Kilikuwa kiti kikubwa cha kusuka, chenye mikono na mgongo mpana, na ubavuni mwake kingine cha namna hiyo hiyo, kitupu. Mwanamke alivaa gauni la buluu lenye ukosi mweupe, sweta ya rangi ya udongo, na kitambaa cha manjano kilichofungwa kisogoni. Mikono ameiweka mapajani, macho yake yako mbali kwenye vilima vya ng'ambo, kana kwamba umati wote ule haupo.

Ezron akapiga honi. Mwanamke akageuza kichwa polepole, bila kushtuka.

"Dada, hapa ni barabarani, si sebuleni!"

"Kama ni barabarani, mbona hakuna gari linalokubali kunichukua?"

Ezron akazima injini, akashuka. Alikuwa mrefu, shati lake la kaki limepigwa pasi mpaka mikunjo inasimama, kofia ameisukuma nyuma.

"Vinakwenda wapi viti hivi?"

"Iyula, chuo cha walimu."

"Na wewe?"

"Mimi ndiye mwenye viti. Vinakokwenda ndiko ninakokwenda."

"Kimoja ni chako. Hiki kingine cha nani?"

"Cha mtu mwenye shida."

"Basi ni changu," Ezron akasema, akaketi papo hapo, huku malori mengine yakimpigia honi. "Shida yangu ni kwamba nimekutana na mtu leo na hata jina lake silijui."

Mwanamke alijaribu kukaza uso, ikashindikana. "Hiyo si shida, huo ni uchokozi. Naitwa Nesta."

Lori lilipanda kuelekea Mbozi taratibu, likipita mashamba ya mahindi yaliyokwisha vunwa na kahawa iliyoanza kuiva. Ukungu ulikuwa umelala mabondeni, na harufu ya kahawa mbichi iliyoanikwa ilijaa ndani ya kibanda cha dereva. Viti viwili vilifungwa juu, vinatazama nyuma, kama wazee wawili wanaoiaga Tunduma.

"Unafundisha nini hapo chuoni, mwalimu?"

"Kusikiliza."

"Kusikiliza kunafundishwa? Mbona watu wote tuna masikio?"

"Tazama, hapo hujanisikiliza. Umeshaanza kubishana."

Ezron akacheka mpaka akakosa gia.

Nesta alikuwa binti wa wakulima wa kahawa wa Igamba. Baba yake alirudi kutoka vita vya Burma akiwa mzima wa viungo, lakini maneno aliyaacha huko. Aliketi nje ya nyumba akitazama mibuni, na kila aliyekuja kumpa pole alimhubiria, akaondoka. Alikufa bila kumwambia mtu alichokiona. Nesta alipokwenda kusoma Makerere alikutana na elimu ambayo kwao haikuwa na jina: namna ya kukaa na mtu mwenye mzigo moyoni, usimkatize, usimwamulie, mpaka auone mzigo wake mwenyewe. Aliporudi, chuo cha misheni kilimkabidhi darasa jipya kabisa. Wanafunzi wake walikuwa watu wazima, walimu waliokwisha hitimu na kufundisha miaka kadhaa, wakirudi sasa kujifunza ushauri ili waende kusaidia wajane, yatima, na wake za watu waliomezwa na migodi. Ndiye aliyeliongoza darasa hilo, na mwanamke kuongoza kitu kama hicho kuliwakosesha raha baadhi ya wazee wa kamati ya chuo.

Kanuni yake ya kwanza aliiandika ubaoni siku ya kwanza, hakuifuta tena: *Linalosemwa humu ni la aliyelisema.*

Baada ya siku ile Ezron akawa na safari nyingi za Iyula, nyingine bila hata gunia moja nyuma. Na aliposhindwa kufika alipiga simu. Chuo kilikuwa na simu moja, ya ukutani, ofisini kwa Mwalimu Mkuu, Bwana Mika, mtu mpole mwenye miwani aliyependa kusahihisha madaftari bila kuinua kichwa. Ezron naye alipigia kutoka ofisi ya forodha, kwa hisani ya rafiki yake Damiano, karani wa pale.

"Mwalimu Nesta, simu yako," Bwana Mika husema. "Watu wa usafirishaji tena."

Nesta alishika chombo kwa mikono miwili, mgongo ameugeuzia dirishani.

"Hallo, Bwana Msafirishaji."

"Nesta wangu! Mzigo wangu u hali gani?"

"Mzigo uko salama, asante."

"Unanikumbuka?"

Nesta akatupa jicho kwa Bwana Mika. "Kwa kiasi."

"Kiasi gani, mpenzi? Niambie nilale vizuri."

"Kama... kama gunia moja hivi."

"Moja tu!"

Mara ikaingia sauti ya tatu, ya opereta wa Mbeya, mtu mzima na mwenye uchovu: "Dada, mwambie magunia mawili akate simu. Nina foleni hapa."

Nesta aliangua kicheko. Bwana Mika akaendelea kusahihisha, ila kalamu yake, ukiangalia vizuri, ilikuwa haiandiki kitu.

Jumapili moja Ezron alimpeleka nyumbani kwao, karibu na Tunduma. Mama yake, Mama Ferista, Mnamwanga mwenye sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi, alimpokea mgeni kwa kuku na ugali wa ulezi, akamtazama kuanzia viatu hadi kitambaa. "Mwembamba," akasema, "lakini anakaa kama mtu mwenye kwao." Hapo ndipo Nesta alipomjua Marita, dada yake Ezron. Mumewe, Amoni, alikuwa kwenye mgodi wa shaba huko Luanshya, na kwa muda mrefu hakuleta habari yoyote. Watu walisema amepata mke mwingine. Marita alihudumia wageni bila kusema, macho yake mazuri yametulia kama maji ya kisimani.

Jioni, wakirudi, Ezron alisimamisha lori mahali barabara inapopanda juu ya mashamba. Chini yao moshi wa majiko ulikuwa unachanganyika na ukungu, vilima vimekuwa vya zambarau.

"Nesta, nikikuoa utanipikia au utanisikiliza?"

"Nitakusikiliza ukipika."

"Nasema kweli, mama."

Nesta akaitazama mikono yake. "Kamati ina sheria. Mwalimu wa kike akiolewa anaacha kazi. Darasa langu bado changa, Ezron. Nikiondoka sasa litakufa."

"Sikusema uondoke."

"Wao watasema."

Ezron alimshika mkono, wakaangalia giza likiingia polepole, na kwa muda, wote wawili waliona kwamba sheria, kamati na dunia nzima viko mbali sana chini kule, pamoja na moshi.

Septemba Marita alikuja Iyula peke yake, akaketi kwenye kiti cha kusuka. Alizungumza mchana kutwa, mlango umefungwa. Hakuna aliyejua walichosema. Alirudi tena, na mara ya tatu alipotoka alimkumbatia Nesta kwa nguvu, kama mtu anayeaga.

Siku chache baadaye Marita akatoweka. Alikwenda sokoni Tunduma asubuhi, hakurudi. Mama Ferista alipiga yowe mpaka majirani wakajaa uani. Walitafuta mtoni, walitafuta kwa jamaa. Nesta alikuja kukaa na yule mama, akamshika mkono, akamfuta machozi. Na alipokuwa anamfuta, jirani mmoja akasema kwa sauti, "Lakini huyu Marita si alikuwa anakwenda chuoni kwa mwalimu huyu?"

Ezron alimgeukia. Alimtoa Nesta nje, mpaka kwenye ua wa nyuma ambako mahindi yalikuwa yameanikwa.

"Ni kweli?"

"Ni kweli alikuja."

"Unajua alikokwenda?"

Nesta akayatazama mahindi. "Yuko hai, na anajua anakokwenda. Hilo aliniruhusu kulisema nikiulizwa tu. Akifika atawaarifu mwenyewe."

"Mimi sikukuuliza alichokuruhusu! Nimekuuliza yuko wapi!"

"Siwezi, Ezron."

"Huwezi, au hutaki?"

"Alinipa neno lake nilitunze. Si langu."

"Mama yangu analia humo ndani! Umemshika mkono, umemfuta machozi, na wakati wote ule ulikuwa unajua!" Sauti ya Ezron ilikatika. "Nilidhani nimepata mtu. Kumbe nimepata ukuta."

"Ezron, mpenzi wangu..."

"Usiniite hivyo."

Nesta aliondoka kwa miguu. Kitambaa chake kilikuwa kimelegea, hakukifunga. Alitembea njia nzima hadi barabara kuu akiwa haoni milima wala watu, mpaka gari la wauza kahawa likamchukua.

Habari zikafika kwenye kamati. Wazee wakakutana chuoni, makoti yamefungwa vifungo vyote, wakamwita Nesta. Ama aseme binti wa watu yuko wapi, ama darasa lifungwe. Bwana Mika alikaa pembeni, amevua miwani.

"Mwalimu," akamwambia kwa upole, "ni neno moja tu. Jina la mahali. Utaokoa darasa."

"Mwalimu Mkuu," Nesta akajibu, "nikilisema, hakutakuwa na darasa la kuokoa. Nani tena ataketi mbele yetu afungue moyo? Fungeni kama mnafunga. Lakini lifungwe likiwa safi."

Wazee wakatazamana. Mwishowe wakaahirisha, kwa sababu Bwana Mika aliomba wasubiri mpaka mvua zianze. Nesta alirudi darasani. Wanafunzi wake walisimama bila kuambiwa. Tulinagwe, mwalimu mnene mcheshi kutoka Ibaba, alitaka kusema neno, akashindwa, akasema kwa Kindali tu, "Ndaga, mwalimu," yaani asante, akaketi, akapenga makamasi.

Simu ya ofisini haikulia tena kwa ajili yake. Wakati mwingine, Bwana Mika akiwa nje, Nesta alisimama karibu nayo akaitazama. Usingizini alimwona Ezron akiendesha lori kwenye ukungu, anapita karibu naye kabisa, dirisha limefungwa.

Ezron naye hakupumzika. Aliuliza mpakani mpaka mama mmoja wa chikanda akamwambia amemwona Marita akipanda gari la kwenda kusini pamoja na wafanyabiashara wa maharage. Hapo akajua amemfuata mumewe. Aliomba ruhusa kazini, akavuka mpaka, akasafiri siku nyingi kwa malori ya watu, misitu ikipita pande zote bila mwisho.

Alimkuta Luanshya, kwenye nyumba za matofali za wafanyakazi wa mgodi, anafua shati mlangoni. Ndani, kitandani, alikuwa Amoni. Uso wake ulikuwa na makovu, na macho yake yalikuwa meupe. Baruti ilikuwa imelipuka mapema chini ya ardhi.

"Ni Ezron?" Amoni akauliza, akinyoosha mkono hewani. "Shemeji, naona aibu. Niliwaambia wenzangu wasipeleke habari nyumbani. Mume kipofu wa nini? Nilitaka Marita aamini nimeoa mwingine, anichukie, asahau."

Ezron alipiga magoti pale kitandani, akaushika ule mkono.

Baadaye alikaa nje na dada yake. Moshi wa mitambo ulifunika jua.

"Nilimkuta hali chakula," Marita akasema. "Alikuwa anangoja kufa tu. Ungejua, kaka, ungenizuia?"

Ezron akafikiri. "Ningekufunga kamba."

"Ndiyo maana sikukwambia. Yule mwalimu aliniomba, tena zaidi ya mara moja, 'Mwambie kaka yako, atakuelewa.' Nikakataa. Nikamwuliza, 'Je, Ezron akija kujua ulikuwa unajua, itakuwaje?' Alisimama akaenda kufunga dirisha, na dirisha lenyewe lilikuwa limefungwa tayari." Marita akamtazama. "Alijua atakupoteza. Akanitunzia siri yangu vilevile. Umemfanya nini, kaka?"

Ezron aliinamisha kichwa. "Nimemwita ukuta."

"Basi nenda ukamwite vingine."

Aliporudi Tunduma, kabla hajaoga wala kula, alikwenda kwa Damiano kuomba simu. Bwana Mika alimwita Nesta kwa kumtuma mwanafunzi, naye Nesta akaja mbio na chaki mkononi.

"Hallo?"

Kilichosikika ni mngurumo wa mvua kwenye nyaya.

"Nesta. Ni mimi. Nimemwona. Nimewaona wote wawili, wako pamoja. Nesta, mimi..."

Ukimya. Kisha sauti ya opereta, safari hii polepole: "Laini imekatika, dada. Samahani sana. Alikuwa anaanza vizuri."

Mvua ilinyesha usiku wote juu ya Mbozi. Asubuhi mibuni ilikuwa imechanua. Shamba baada ya shamba, vilima vilikuwa vyeupe, na harufu yake tamu ilishuka mpaka barabarani, ikaingia madarasani, ikamfanya kila mtu aongee chini chini. Nesta alikuwa anapita kati ya mibuni nyuma ya chuo, gauni lake jeupe limelowa pindoni, aliposikia lori. Lilikuwa limetapakaa matope mpaka juu ya paa. Ezron akashuka, ndevu hajanyoa, shati la kaki halina hata mkunjo mmoja uliosimama.

Wakasimama wakitazamana, nyuki wakivuma kila upande.

"Simu ilikatika," Ezron akasema.

"Nilisikia."

"Nilikuwa nataka kusema nimekukosea. Nilikuwa na maneno mengine mazuri, nimeyasahau njiani."

"Sema yaliyobaki."

"Yaliyobaki ni kwamba nimeogopa, Nesta. Njia nzima nimeogopa kwamba utanisikiliza kwa upole kama unavyowasikiliza watu wote, halafu utanifungulia mlango nitoke."

Macho ya Nesta yalijaa. "Mimi pia ni mtu, Ezron. Uliposema nisikuite mpenzi, nilitembea mpaka barabara kuu sijui ninakanyaga wapi. Hukuniuliza ninaumia wapi."

"Nakuuliza sasa."

"Sasa hivi? Kila mahali."

Alimkumbatia pale pale, na maua ya kahawa yakawadondokea kichwani na mabegani. Halafu Ezron, mdomo wake karibu na kitambaa cha Nesta, akanong'ona, "Niolewe mimi basi, kama sheria ni ya wanawake tu. Niache kazi mimi."

Nesta akacheka huku analia. "Utaoa wewe, bwana. Mimi sitaacha. Unaelewa unachokichukua? Nitarudi nyumbani na mambo ambayo sitakwambia kamwe."

"Naelewa. Nimekwenda mpaka Luanshya kujifunza."

"Mama je?"

"Mama anataka uje umfundishe Amoni kukubali kulishwa. Amoni na Marita wanakuja mwezi ujao. Mama anasema wewe peke yako ndiye utakayemweza."

Nesta akaenda ofisini siku hiyo hiyo, na petali bado zimenasa kwenye kitambaa.

"Mwalimu Mkuu, ninaolewa baada ya mavuno. Jumatatu inayofuata nitakuwa darasani kama kawaida."

Bwana Mika aliweka kalamu chini. "Na kamati niiambie nini?"

"Waambie mwalimu ameolewa, hajafa."

Kamati ilikaa tena. Wazee walikuwa wamekwisha sikia habari za Luanshya, na wake zao walikuwa wamesikia kabla yao. Hakuna aliyetaja tena kulifunga darasa. Juu ya ndoa walibishana sana, mwishowe wakamruhusu amalize na wanafunzi aliokuwa nao, basi.

Walifunga ndoa Igamba. Nesta alivaa gauni refu la satini lililoshonwa Mbeya, Ezron koti jeusi lililombana mabegani. Amoni alishikwa mkono na Marita mpaka mbele, akaimba sauti ya besi kwa nguvu kuliko kwaya nzima, na Mama Ferista akacheza mpaka kiatu kikamtoka.

Darasa lile la kwanza lilimaliza. Likaingia la pili, na wazee wakasema mwaka huu tu. Likaingia la tatu. Mzee aliyeleta hoja ya kumwondoa alistaafu, mwingine akampeleka binti yake mwenyewe kwa Nesta, naye akatoka kule ametulia. Mwishowe hakuna aliyekumbuka kumwondoa.

Jioni Ezron alikuja kumchukua kwa lori. Alizima injini, akaegemea mlango, akangoja. Nesta alipotoka, uso wake ukiwa na uchovu wa mambo ya watu, hakumwuliza kitu. Alimfungulia mlango, akamwekea sweta mabegani, wakaondoka wakiwa kimya, ukungu ukiwafungia njia nyuma yao, mpaka Nesta mwenyewe akasogea, akaweka kichwa begani kwake, akaanza kumwambia bei ya nyanya sokoni.